MAGOGO YA MAJINI: MALI IPO, GHARAMA IKO NCHI KAVU

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mbao anayepita kando ya bwawa la Mtera huona miti mikavu imesimama ndani ya maji, na hesabu huanza kichwani mwake papo hapo. Miti ile haikupandwa na mtu, haipaliliwi, na mchwa hawaifikii. Kinachotakiwa, anajiambia, ni mashua, mnyororo na vijana wanne wenye nguvu.

Hesabu hiyo imewavutia wengi duniani, nao si wajinga. Mbao nzuri za asili zimezidi kuadimika, na gogo lililozama ziwani linaweza kuwa zima kabisa baada ya miaka 50 au hata 100. Lakini ukurasa huu umeona ni vema kuwaonya wenye mitaji midogo kuwa katika biashara hii kulitoa gogo majini ndiyo kazi rahisi. Fedha huzama baadaye, gogo likiwa tayari limelala nchi kavu.

Tuanze na sababu ya gogo kutooza. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji hewa. Gogo lililo chini kabisa, mahali penye hewa kidogo, huwanyima kuvu hao nafasi. Sehemu inayoharibika haraka ni ile ya katikati, ambayo leo imo majini na kesho iko juani kadiri kina kinavyopanda na kushuka. Kwa hiyo mti unaouona umechomoza Mtera si lazima uwe ndio wenye mali. Mali iko upande usioonekana. Na kama mti wenyewe ni mbuyu, usijisumbue. Mbuyu haupasuliwi mbao, uwe majini au nchi kavu.

Baharini hali ni tofauti. Kuna mdudu wa maji ya chumvi anayetoboa mbao hadi ziwe kama sega la nyuki, na ndiye aliyewafanya mabaharia wetu wapake majahazi deheni tangu enzi na enzi. Habari hizi basi ni za mito, maziwa na mabwawa tu.

Mfano mkubwa barani Afrika uko Ghana. Bwawa la Akosombo lilipokamilika mwaka 1965, maji yalifunika eneo la kilometa za mraba zipatazo 8,500, na watu wapatao 80,000 walihamishwa. Sehemu kubwa ya misitu haikukatwa kwanza. Iliachwa ikazama ikiwa imesimama, pamoja na miti ambayo Waghana huiita odum. Kwa msomaji wetu odum si mgeni: ni mvule, ule ule unaotengenezewa milango na makabati.

Kwa wakazi wa Ziwa Volta miti hiyo imekuwa neema na balaa. Samaki hujificha na kuzaliana kwenye matawi, hivyo wavuvi hutega hapo hapo. Lakini nyavu hunasa, na watoto wametumwa kupiga mbizi kwenda kuzinasua. Visiki vilivyo chini kidogo ya uso wa maji vimepasua mitumbwi iliyojaa abiria, na watu wengi wamekufa kwa njia hiyo. Kuondoa visiki kwenye njia za vyombo kukawa kazi ya serikali, na katika miaka ya 2000 wawekezaji kutoka Canada nao walikuja na kibali cha kuvuna mbao zilizozama.

Canada ndiko ilikobuniwa mashine iitwayo Sawfish, ya kampuni ya Triton. Haina mtu ndani. Huongozwa kwa waya kutoka juu, hushika mti chini ya maji, huufunga mfuko wa hewa, kisha huukata kwa msumeno. Mfuko huupandisha mti hadi juu. Ni chombo cha mtaji mkubwa, na hakimhusu msomaji wetu isipokuwa kwa jambo moja: kinatumia kanuni ile ile anayoweza kuitumia mwenye mapipa mawili.

Chukua gogo la kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 5 na kidogo. Ujazo wake ni mita za ujazo 1.5. Tuseme ni mvule uliolowa hadi kila mita ya ujazo ina kilo 1,100. Nchi kavu gogo hilo lina kilo 1,650. Ndani ya maji, maji yenyewe yanabeba kilo 1,500, hivyo mzigo uliobaki ni kilo 150. Pipa tupu la lita 200 lililozibwa vizuri linaweza kubeba hizo. Weka mawili, kwa kuwa tope nalo hung'ang'ania gogo.

Ndiyo maana video za watu wanaoelea na gogo hadi ufukweni zinapendeza. Gogo likigusa mchanga, kilo 1,500 zinarudi, na sasa unahitaji winchi, kapi na mti imara wa kufungia. Winchi ikae nchi kavu, si kwenye mashua: mnyororo ukivutwa kutoka mashuani, kinachosogea ni mashua au hupinduka. Mti ulioanguka mtoni na mizizi yake ni hatari zaidi. Shina likikatwa, kisiki kinaweza kuinuka ghafla na kurudi shimoni mwake pamoja na yeyote aliye karibu. Sizungumzii viboko na mamba, ambao mtu wa Rufiji anawajua kuliko mwandishi huyu.

Kosa la pili ni la lori. Katika gogo letu la kilo 1,650, karibu kilo 700 ni maji. Lori la tani 10 litabeba magogo sita, na takriban tani 4 kati ya hizo ni maji uliyoyalipia nauli kutoka ziwani hadi mjini. Mwenye akili hupasua mbao karibu na ufuko na kuziacha zichuje hapo.

FEDHA INAYOKAA BILA KAZI

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mbao iliyolowa miaka 50 haikaushwi kwa pupa. Ikianikwa juani hupasuka ncha, hujikunja, na huuzwa kwa bei ya kuni. Inataka kivuli, vijiti vya kutenganisha mbao, rangi kwenye ncha ili maji yasitoke haraka, na muda. Mafundi wa Ulaya walikuwa na kanuni ya kale ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu joto hufupisha muda huo, lakini haliufuti.

Tuseme umekopa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 18, ukapata magogo 20 kama lile, yaani mita za ujazo 30. Kwenye msumeno karibu nusu huishia kuwa mabanzi na vumbi, kwa hiyo unabaki na mita 15 za mbao. Riba yako ni shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani kila mwezi unaosubiri mbao zikauke huongeza shilingi 20,000 juu ya kila mita ya ujazo. Subiri miezi 10 na umeongeza 200,000 kabla ya mlinzi, turubai na nauli. Mwenye fedha yake mwenyewe anaweza kungoja. Mwenye mkopo wa miezi sita atauza mbichi, na mnunuzi atalijua hilo kabla hajashuka kwenye gari.

Swali la nani mwenye gogo nalo lisiachwe. Huko Wisconsin, Marekani, ambako magogo ya karne ya 19 yalizama Ziwa Superior yakielea kwenda viwandani, kila kampuni ilikuwa imegonga chapa yake kwenye ncha za magogo, kama ng'ombe wa mfugaji. Watu wa mji wa Ashland walipoanza kuyatoa miaka ya 1990, kazi hiyo ilihitaji kibali cha serikali, ingawa magogo yalikuwa yamelala pale miaka mia.

Kwetu ni hivyo hivyo. Mazao ya misitu husafirishwa kwa hati chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kizuizini hakuna anayejali kama gogo lilitoka majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto, ziwa au bwawa, na hapo ndipo winchi na msumeno wako vingekaa. Fika kwanza kwa TFS na ofisi ya bonde la maji. Mtu akikuuzia hisa za "mradi wa magogo" bila kukuonyesha karatasi hizo mbili, hajakuuzia kitu.

Yapo mazingira ambamo kungoja maji ni kosa tangu mwanzo. Mwaka 2018 TFS ilitangaza zabuni ya miti zaidi ya milioni 2.6 katika eneo la bwawa la Rufiji, ikatwe kabla ya maji kuja. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Mti uliokatwa ukiwa mkavu huko haukuhitaji pipa wala mzamiaji.

Kwa anayetaka kujaribu baada ya kupata vibali, magogo matatu yanatosha kwa mwanzo. Pasua moja inchi moja, jingine inchi mbili, la tatu liache zima kivulini. Andika tarehe kwa chaki kwenye kila ubao, na upime unyevu kila wiki mbili kwa kipimo cha mkononi. Fundi wa Keko anataka mbao isiyojikunja baada ya mlango kufungwa, na bei atakayokupa ataitoa baada ya kuona kipimo hicho.