Je, wajua mashine ya randa hainyooshi ubao?

Wengi wanaonunua mashine ndogo ya randa kwa karakana ya nyumbani hutarajia ubao uingie umepinda utoke umenyooka. Hautoki hivyo. Ndani mna rola mbili zinazougandamiza ubao mezani. Ubao hulazimika kulala, visu vikaukwangua ukiwa umelala, na ukishatoka hurudia pindo lake lile lile, ila sasa ni mwembamba zaidi. Kazi ya mashine ni kuufanya uso wa juu uwe sambamba na wa chini. Kasoro iliyo chini huhamia juu.

Dawa ipo. Laza ubao juu ya kipande kinene cha plaiwudi kilichonyooka, chomeka vijiti vyembamba vyenye gundi kila unapoona mwanya ili usicheze, kisha pitisha vyote viwili pamoja. Uso wa juu ukishakaa sawa, toa plaiwudi, geuza ubao, upitishe peke yake. Mimi humwambia kila anayeniuliza: usinunue mashine kabla hujakubali kazi hii.

Je, wajua ulaini wa mbao ni hesabu ya kugawanya? Mashine ya DeWalt DW735 ina visu 3 na huzunguka mara 10,000 kwa dakika, yaani mikato 30,000. Ina mwendo wa aina mbili. Ule wa haraka hupitisha karibu mita 8 za ubao kwa dakika: mikato kama 4 kwa kila milimita. Ule wa polepole hupitisha mita 4 na ushei: mikato 7. Makita 2012NB ina visu 2, mizunguko 8,500 na mwendo wa mita 8.5, kwa hiyo mikato 2 tu kwa milimita. Ukitaka kuiona tofauti, zima taa na ulaze tochi ubavuni mwa ubao uliotoka mashineni. Utaona vijiwimbi vimejipanga kama mchanga wa ufukweni maji yakipwa, kila kimoja ni alama ya kisu. Usipovipiga msasa, vanishi itavianika. Namba hii ya mikato kwa milimita ndiyo ya kutafuta kwanza, kabla hata ya ukubwa wa mota.

Lakini Makita ina lake: uzito wake hauzidi kilo 30, mtu mmoja mwenye nguvu huinyanyua. DW735 ni kilo 42 hivi, nayo pia huitwa ya kubebeka. Kama karakana yako ni kibaraza na kila jioni lazima vyombo viingie ndani, kilo hizo ni jambo zito kuliko vijiwimbi.

Soma kibati cha umeme pia. DW735 iliyotengenezewa soko la Marekani hutumia volti 120 na hula ampea 15, takriban wati 1,800. Ukiichomeka kwenye soketi ya Dar es Salaam au Mombasa bila transfoma inayoumudu mzigo huo, mota inaungua.

Je, wajua mvule una mawe? Ndani ya mti wenyewe hujengeka vidonge vya chokaa, vigumu, vilivyojificha kwenye nyuzi. Kisu kikikutana na kimoja, hung'oka ukingo, na tangu hapo kila ubao hutoka na mstari mwembamba ulioinuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Msaji nao una silika, hula makali taratibu. Anayefanya kazi na mbao hizi aulize bei na upatikanaji wa visu kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Sentimita chache za kila ncha ya ubao mara nyingi hutoka na kibonde, kwa sababu hapo ubao umeshikwa na rola moja tu. Inua kidogo ncha inayoning'inia, au pitisha mbao zikifuatana bila nafasi.

Mashine hizi ndogo zilienea majumbani miaka ya 1980, Ryobi ya Japani ilipotoa AP-10 ya inchi 10. Kabla yake randa ya mashine ilikuwa mali ya viwanda. Mmarekani William Woodworth alipata hataza ya mashine yake tarehe 27 Desemba 1828. Ikaongezwa muda mara mbili, na hadi 1856 ukitaka kuitumia ulilazimika kulipia.

Na maranda? Ubao wa mita 3 wenye upana wa sentimita 30, ukiupunguza milimita 2, unatoa karibu lita 2 za mbao tupu, nayo maranda yakishajikunja hujaa mara kadhaa ya hapo. DW735 ina feni inayoyarusha nje, kwa hiyo funga bomba na gunia kabla ya kuwasha. Vaa barakoa: vumbi la mbao limeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1995. Gunia likijaa, mfugaji wa kuku atalipokea kwa furaha, ila lile la mbao zilizotiwa dawa usimpe.