Mama Carolina na makaye yake

Tangu tulipoanza kuzungumza katika makundi yetu juu ya kuandika maisha yetu wenyewe, swali moja linarudi kila mara: "Nikiandika, watu watasema nini?" Wengine wanacheka wakiliuliza, lakini si swali la kuchekesha. Leo nawaletea habari za mama mmoja wa Brazil ambaye alionja utamu na uchungu wa jambo hilo kuliko wengi.

Jina lake Carolina Maria de Jesus. Alizaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Sacramento, jimbo la Minas Gerais, katika jamaa maskini ya watu weusi. Masomoni alikaa miaka miwili tu. Alipokuwa mtu mzima alikwenda mji mkubwa wa São Paulo, akafanya kazi katika nyumba za watu, na mwishowe akajikuta Canindé, kartiye ya vibanda vya mbao karibu na mto. Alikuwa na watoto watatu, na bwana hakuna. Alfajiri anapanga mstari kwenye robine kuteka maji, kisha anazunguka mjini na gunia, akiokota karatasi na vyuma vya kuuza. Mvua ikinyesha, karatasi zinalowa, na jioni chungu hakipandi motoni. Hapo hatuhitaji maelezo mengi. Wengi wetu tunakula kile tulichotafuta siku ileile.

Katika takataka zile aliokota pia makaye yenye kurasa zilizobaki nyeupe. Watoto wakilala, yeye anaandika. Kitabu chake kinaanza tarehe 15 Julai 1955, siku ya kuzaliwa ya binti yake Vera Eunice. Mama alitaka kumnunulia viatu, pesa hakuna. Aliokota viatu katika takataka, akaviosha, akavitengeneza, mtoto akavaa. Mimi nafundisha watoto kuandika, na kila mwaka naona wanavyohangaika kutafuta maneno makubwa ili mwalimu afurahi. Katika habari hii hakuna neno kubwa. Kuna viatu, na unamwona mtoto.

Aliandika bei ya mchele na ya mkate, pesa alizopata kwa karatasi, na kilichopikwa au kutopikwa. Kuandika kulimtuliza, maana hasira aliimwaga kwenye karatasi, si kwa watoto. Lakini aliandika majirani pia: nani amelewa, nani amempiga mke wake, nani ametukana nani. Tena aliwatisha nayo. Mwaka 1958 mwandishi wa gazeti, Audálio Dantas, alifika Canindé kutafuta habari, akamsikia mama huyu akiwakemea watu wazima waliokuwa wanawanyang'anya watoto michezo yao: atawaweka katika kitabu chake! Dantas akauliza, kitabu gani? Ndipo akaonyeshwa makaye.

Kitabu kilitoka mwezi wa Agosti 1960, kwa jina *Quarto de Despejo*, yaani chumba cha kutupia vitu visivyotakiwa. Nakala 10,000 za kwanza ziliisha kwa siku chache. Kikatafsiriwa katika lugha zaidi ya kumi. Dantas alipunguza sehemu nyingi, lakini makosa mengi ya kuandika aliyaacha yalivyo. Hapo nasita kidogo. Sisi walimu tumezoea kalamu nyekundu, na bado najiuliza kama makosa yale yaliachwa kwa heshima yake, au ili matajiri wapate kushangaa.

Siku ya kuhama Canindé, majirani walizunguka kamio iliyobeba vyombo vyake, wakamtupia mawe, na watoto wake wamo. Walikasirika kwamba amewauza. Mimi siwatetei waliotupa mawe, ila naelewa uchungu wao, maana wao hawakuwa na kaye ya kumjibu. Mambo niliyotendewa mimi ni yangu, nayaandika. Siri ambayo jirani alinipa tukiwa kisimani si yangu. Lakini wamama, tusichanganye. Mwanamke anayepigwa nyumbani akiandika kwamba anapigwa, hajatoa siri ya mtu. Kuna mambo tunayafunika kwa jina la heshima, na ndiyo yanayotumaliza.

Furaha ya nyumba ya matofali haikukaa. Majirani wapya hawakumtaka, na mlangoni watu walikuja mfululizo kuomba pesa, kana kwamba sanduku lake halina mwisho. Yeye alipenda mashairi na hadithi. Wasomaji walitaka njaa tu. Kitabu cha pili, cha mwaka 1961, juu ya maisha katika nyumba ile, hakikuuzwa kama cha kwanza. Mwishowe alihamia Parelheiros, pembeni ya mji, akalima na kufuga kuku, na huko akafa mwaka 1977, akiwa maskini tena. Kuandika hakuacha. Mwaka 2021 chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro kilimpa cheo cha udaktari wa heshima. Vera Eunice, yule wa viatu, alikuwa mwalimu.

Kwa wale watakaoanza nasi, kaye ya kawaida ya wanafunzi inatosha. Andika tarehe juu, kisha bei za soko na kilichokuumiza au kukufurahisha siku ile. Makosa ya kuandika yasikusumbue. Kama umemwandika mtoto wako ambaye sasa anajua kusoma, mwonyeshe kwanza kabla ya mtu mwingine. Siku ya kukutana, kila mama atasoma mwenyewe ukurasa anaoutaka. Ukurasa usiotaka usomwe, ukunje katikati, hakuna atakayeufungua.