Mvua ya Mwezi wa Tatu na Mbabula ya Usiku
Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, mvua za mwezi wa tatu zinaanza. Mvua inayotulowesha Beni na Butembo, kule juu kabisa ya Ruwenzori (metri 5.109) inaanguka kama theluji, kwa sababu kila ukipanda metri 1.000 joto linapungua karibu degre 6. Butembo yenyewe inapita metri 1.700, ndiyo maana usiku ni baridi.

Ukitoka kazini umelowa, vua nguo, jikaushe, unywe chai ya moto. Lakini usilale na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa! Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu akiumwa kichwa na kichefuchefu, mtoeni nje upesi, mpelekeni dispanseri. Jifunikeni blanketi, mbabula ibaki nje.