Kustahili na Kulazimishwa: Istilahi za Ushahidi wa Wanandoa Mahakamani

Makala haya yanafafanua dhana mbili ambazo sheria huzitenganisha lakini mazungumzo ya kawaida huzichanganya: kustahili kutoa ushahidi na kulazimishwa kuutoa.

Kwa mujibu wa kifungu cha 130 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, mke au mume wa mshtakiwa anastahili kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, ila halazimishwi. Kanuni hii ina mipaka: kwa mfano, shahidi huyo hulazimishwa pale kosa linapomdhuru mwenyewe au watoto, mwilini au katika mali. Nje ya mipaka hiyo, mahakama haina budi kumfahamisha haki yake kabla hajatoa ushahidi na kuandika katika mwenendo wa shauri kuwa imefanya hivyo. Isipofanya hivyo, ushahidi wake haupokelewi.

Utata hujitokeza katika ufahamishaji huo. Hakimu akisema, "Unaweza kutoa ushahidi," kitenzi -weza huonyesha uwezo au ruhusa; kikitamkwa na mwenye mamlaka, huweza kusikika kama agizo la upole. Kukataa hakutajwi. "Si lazima utoe ushahidi" ni afadhali, lakini msikilizaji anaweza kudhani kuwa ushahidi wake hauhitajiki. Kauli iliyo wazi ni ile inayotaja pande zote mbili: "Una hiari ya kutoa ushahidi au kukataa."

Mnyambuliko wa kitenzi nao una uzito. "Asiyelazimika" humweleza shahidi asiye na wajibu. "Asiyelazimishika", lenye viambishi vya usababishi na utendeka, huashiria pia mtendaji, yaani mahakama isiyo na uwezo wa kumshurutisha. Istilahi hii ya pili ndiyo inayokaribia zaidi maana ya kisheria.

Hata neno "mke" limewahi kubishaniwa. Mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo, mahakama ya kikoloni katika nchi ambayo leo ni Kenya ilikataa kumtambua mwanamke aliyeolewa kimila kuwa mke kwa madhumuni ya sheria ya ushahidi. Sheria ya Tanzania ya 1967, kinyume chake, inawataja pia wake wa ndoa za mitala.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo, uteuzi wa istilahi hizi unagusa moja kwa moja haki ya shahidi na hatima ya mshtakiwa.