Mkoko wa Kijana, Buti la Familia

Mshikaji akiwa kapera hana shida. Anatesa na gari la milango miwili, rimu zinameremeta, kiti cha nyuma ni cha kutupia jaketi tu. Shughuli inaanza akishaoa na mtoto wa kwanza akaja. Ghafla mama watoto anauliza: beseni la mtoto litakaa wapi? Na sikukuu tukienda kwa babu Miono, tutapanda nini?

Hapo ndipo wengi wanapoiangukia stesheni wagoni ndogo yenye sura ya kispoti. Mbele kijana, nyuma baba wa familia! Vijiweni Bongo majina mawili hayakosi kutajwa: Subaru Impreza na Toyota Corolla Fielder.

Impreza ilitoka Japani mwaka 1992, na ile yenye buti waliiita Sports Wagon. Jina lake halikujengwa na matangazo peke yake. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akarudia. Sawa, yale yalikuwa magari ya mashindano, yameimarishwa kila kona, si ya kupeleka mtoto kliniki. Lakini utamu wenyewe upo. Silinda za injini zimelala ubavu, uzito unakaa chini, na nyingi zinasukuma magurudumu yote manne. Kwenye kona gari linashika barabara kama kupe.

Fielder ilikuja mwaka 2000. Haina mbwembwe nyingi, ila ukilaza viti vya nyuma unapata chumba. Injini yake ya sisi 1500 hainywi sana, inatumia cheni badala ya taiming belti, na spea zake hazikusumbui. Impreza za zamani zina belti. Ukichelewa kuibadilisha ikakatika, unaweza kuagana na injini. Ukitaka yenye turbo, jiandae kuwa rafiki wa kituo cha mafuta.

Sasa njoo kwenye safari yenyewe. Kutoka Dar unapita Bagamoyo, unashika lami ya Msata. Kiwangwa lazima usimame, maana mananasi ya pale hayapitwi hivi hivi. Msata unakata kulia, unavuka Mto Wami, Mandera unakata kulia tena kuelekea Miono. Kwenye lami wote mabingwa. Utamjua mwenye gari ukishaingia njia za vumbi za mashambani, mvua imenyesha, katikati ya njia kuna tuta la udongo, na ndani mmejaa watu wanne, debe la mafuta ya kula na mchele wa bibi.

Gari hizi ni fupi chini. Na kuna vijana, sijui nani kawaroga, wanakata springi ili gari lilale zaidi! Mjini linapendeza, njia ya shamba linakwangua tumbo mpaka mtoto anaamka. Matokeo yake baba anaacha kwenda kwao, anatuma hela kwa simu, na wajukuu wanamjua babu kwa picha. Bora wale wanaoweka spesa juu ya shokapu, ingawa ukizidisha nazo gari linayumba kwenye kona, na ule uspoti uliolipia umeutupa.

Kama Miono ni kila mwezi, mimi ningeitazama Forester, ndugu yake Impreza aliyezaliwa 1997, chini yuko juu zaidi. Kama ni Idi na Krismasi tu, Fielder inatosha kabisa. Impreza mchukulie anayeipenda kweli na mwenye fundi wake anayeijua.

Ukiagiza nje, kumbuka gari kuukuu TRA wanalitoza ushuru wa uchakavu, kwa hiyo bei ya Japani isikulevye. Ukinunua hapa hapa, usiende yadi na washkaji wa kusifia rimu. Nenda na mama watoto, mtoto na lile beseni. Wapakie wote, pita kwenye tuta, sikiliza tumbo la gari. Likigusa, rudisha ufunguo.