Sadfa za majina na tarehe: zina ujumbe, au zimekutana tu?

Mwaka 1898 mwandishi wa Marekani, Morgan Robertson, alichapisha hadithi ya kubuni kuhusu meli kubwa iitwayo Titan. Katika hadithi hiyo meli inasifiwa kuwa haiwezi kuzama. Mwezi Aprili, ikiwa katika Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini, inagonga mlima wa barafu unaoelea na kuzama. Mashua za kuokolea watu hazitoshi.

Miaka 14 baadaye, usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya kweli iitwayo Titanic iligonga mlima wa barafu katika bahari hiyohiyo. Ilizama kabla ya kupambazuka, na watu zaidi ya 1,500 walipoteza maisha. Mashua zake pia hazikutosha.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Je, Robertson aliona yajayo?

Mambo mawili yanapokutana bila moja kusababisha jingine, Kiswahili kinaita hali hiyo sadfa. Kuijua sadfa ni jambo la maana, kwa sababu kuna watu wanaopoteza fedha, undugu na hata uhai kwa kuichukulia kuwa ushahidi.

Mwandishi aliyeijua bahari

Tuanze na Robertson. Alikuwa mtoto wa nahodha, na yeye mwenyewe alifanya kazi melini kwa miaka kadhaa. Aliona meli zikijengwa kubwa zaidi kila mwaka. Alijua pia, kama mabaharia wote wa njia ile, kwamba milima ya barafu huteremka kutoka kaskazini wakati wa majira ya kuchipua, ndiyo Aprili. Idadi ndogo ya mashua lilikuwa jambo la kawaida wakati huo, kwa kuwa sheria haikudai mashua za kumtosha kila abiria.

Na jina? Titan ni jina la majitu katika hadithi za kale za Wagiriki. Mtu akitafuta jina la kuonyesha ukubwa, hilo liko karibu.

Robertson hakuhitaji kuona yajayo. Mkulima mzoefu akisema "shamba hili la bondeni litafurika", na likafurika, hatumwiti mtabiri. Tunasema anaijua ardhi yake.

Marais wawili

Mfano wa pili unahusu marais wawili wa Marekani, Abraham Lincoln na John F. Kennedy. Lincoln alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1846, Kennedy mwaka 1946. Lincoln alishinda urais mwaka 1860, Kennedy mwaka 1960. Wote walipigwa risasi siku ya Ijumaa, wakiwa pamoja na wake zao. Waliowarithi wote waliitwa Johnson: mmoja alizaliwa mwaka 1808, mwingine mwaka 1908.

Hayo yote ni kweli. Lakini uchaguzi wa rais Marekani hufanyika kila baada ya miaka 4. Ukianza na mwaka 1860 ukahesabu miaka 100, lazima uangukie mwaka mwingine wa uchaguzi. Johnson nalo ni jina la ukoo la kawaida sana huko, kama Juma lilivyo la kawaida kwetu. Na siku za juma ni 7 tu.

Tena orodha hiyo imeongezwa chumvi. Husemwa kwamba Lincoln alikuwa na katibu aitwaye Kennedy, ilhali makatibu wake wanaojulikana ni John Nicolay na John Hay. Husemwa pia kwamba wauaji wao walizaliwa kwa tofauti ya miaka 100, mmoja mwaka 1839 na mwingine 1939. Ukweli ni kwamba muuaji wa Lincoln alizaliwa mwaka 1838. Yasiyofanana, ambayo ni mengi zaidi, hayatajwi kabisa.

Hesabu ya darasani

Je, wanahitajika watu wangapi ili uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja uzidi nusu? Wengi hukisia 180. Jibu ni 23 tu.

Sababu ni kwamba hatumtafuti mtu wa kufanana na wewe peke yako. Tunalinganisha kila mmoja na kila mwenzake. Watu 23 wanatoa jozi 253. Katika darasa la wanafunzi 50 jozi ni 1,225, na uwezekano wa kupata wawili wa tarehe moja ni 97 kwa 100. Mwombe mwalimu ajaribu, ila awaache pembeni walioandikiwa tarehe za kukisia.

Hivyo ndivyo ilivyo hata kijijini. Kila siku tunakutana na majina, tarehe, ndoto na matukio mengi. Baadhi lazima yafanane. Akili yetu hushika yanayofanana na kuyasahau mengine. Mtu aitwaye Mashaka akipata ajali, watu husema jina limemfuata. Mashaka mwingine akivuna magunia 40, hakuna anayelitaja jina lake.

Herufi moja inapomtaja jirani

Hapa ndipo hatari ilipo. Mtoto anaumwa, wazazi wanakwenda kwa mpiga ramli. Anawaambia: "Adui yenu ni mwanamke, yuko karibu, jina lake linaanza na M." Wazazi wanashtuka. Ni Bi Mariamu! Tena Jumanne alipita hapa, na Jumatano mtoto akaanza homa.

Hesabu majina ya M katika kitongoji chako: Mariamu, Mwajuma, Maria, Monika, Mwanaidi. Mpiga ramli hakumtaja mtu, mmemtaja nyinyi wenyewe. Na Bi Mariamu hupita hapo kila siku akienda kisimani. Siku alizopita na mtoto akabaki mzima, hakuna aliyezihesabu.

Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma kama hizi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ndiyo maana serikali hupiga vita ramli chonganishi. Sheria za Tanzania na Kenya zinamhesabu kuwa mkosaji anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi.

Jiulize kwanza

Ukikutana na sadfa inayokushtua, jiulize maswali manne:

1. Je, habari yenyewe ni kweli, au imeongezwa chumvi njiani?
2. Ni mara ngapi jambo hilo halikutokea, na mimi sikuhesabu?
3. Je, ni jina, siku au herufi ya kawaida ambayo ingeweza kumwangukia yeyote?
4. Je, kuna sababu nyingine ya wazi, kama mbu, maji machafu au moshi?

Hakuna ubaya kufurahia sadfa. Ukikuta mjukuu amezaliwa tarehe aliyozaliwa bibi yake, sherehekea na umpe jina la bibi. Lakini mtu akitumia sadfa kukuomba fedha, kukuuzia namba za bahati nasibu au kukutajia adui, simama hapo. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo akapimwe malaria. Na jirani anayetuhumiwa, toeni taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji au polisi, kabla maneno hayajawa fimbo na mapanga.