Dawa imemponya panya: Je, itamfaa mwanao?

Mara kwa mara utasoma gazetini au kusikia redioni kwamba watafiti wamempa panya dawa fulani, panya amepona, na sasa wagonjwa wana matumaini mapya. Kama wewe au mwanao mnaishi kwa vidonge vya homoni za tezi za adrenali, habari ya namna hiyo inakugusa moja kwa moja. Kabla ya kushangilia, uliza swali moja: ni panya gani huyo, na mwili wake hutengeneza homoni zipi?

Swali hili lina uzito, kwa sababu katika tezi hizi panya wa kawaida wa maabara ametofautiana sana na binadamu.

Tezi zilizo juu ya figo

Adrenali ni tezi mbili ndogo, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Sehemu yake ya nje hutengeneza homoni za aina tatu. Ya kwanza ni aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kupita kiasi kwenye mkojo. Ya pili ni kortisoli, inayolinda sukari na shinikizo la damu, hasa unapougua au kuumia. Ya tatu ni homoni za mkondo wa kiume, ambazo wanawake pia wanazo. Iliyo nyingi kati ya hizo inaitwa DHEA. Kwa watoto, DHEA huanza kupanda kwenye umri wa miaka sita hadi minane, na baadaye huchangia harufu ya kwapa na kuota kwa nywele za mwilini.

Ili kutengeneza kortisoli na DHEA, tezi inahitaji kimeng'enya kiitwacho CYP17. Adrenali za panya wa maabara aliyekwisha kukua hazina kimeng'enya hicho. Badala ya kortisoli, hutengeneza homoni nyingine iitwayo kortikosteroni. DHEA kutoka kwenye tezi hizo karibu haipo kabisa.

Ugonjwa mmoja, sura mbili

Chukua mfano wa ugonjwa wa kurithi uitwao CAH, ambao humpata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 wanaozaliwa. Mara nyingi mtoto huyu hana kimeng'enya cha kutosha cha kukamilisha kortisoli. Ubongo huendelea kuisukuma tezi ifanye kazi, na malighafi iliyokwama hugeuzwa kuwa homoni za kiume. Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na sehemu za siri zisizoeleweka kama ni za kike au za kiume. Wa kiume huonekana mzima, kisha ndani ya wiki za mwanzo anaanza kutapika, kuishiwa maji na kulegea kwa kupoteza chumvi.

Wapo panya wenye kasoro kama hiyo. Nao hukosa homoni na hufa wachanga wasipotibiwa. Lakini panya wa kike mwenye kasoro hiyo hapati dalili za kiume, kwa sababu tezi zake hazina njia ya kutengeneza homoni hizo. Hivyo panya anaweza kutufundisha kuhusu upungufu wa homoni, ila nusu ya pili ya ugonjwa, ile inayowasumbua zaidi wazazi wa mabinti, haionyeshi.

Vidonge vya DHEA

Tofauti hii iliwahi kuwagusa watu mfukoni. Panya waliopewa DHEA walipungua mafuta na wakaonekana kukingwa dhidi ya baadhi ya uvimbe. Nchini Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1994 kulegeza masharti ya virutubisho, DHEA iliuzwa madukani kama kinga ya uzee. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wazee kwa miaka miwili: nguvu za misuli na ubora wa maisha havikuboreka. Ikumbukwe kwamba panya wale walipewa kitu ambacho adrenali zao hazitengenezi.

Panya wa miiba

Kwa sababu hiyo watafiti wametafuta wanyama wadogo walio karibu nasi zaidi. Simbilisi hutengeneza kortisoli kama sisi, ingawa mwili wake hauisikii upesi, hivyo kiwango cha kawaida kwake kingekuwa kikubwa mno kwa binadamu.

Anayevutia zaidi ni panya wa miiba, mwenye manyoya magumu mgongoni. Ndugu zake wanaishi kwenye miamba ya Laikipia, Kenya, na walijulikana duniani mwaka 2012 ilipobainika kwamba ngozi yao ikichunika huota upya pamoja na manyoya. Jamii ya panya hao itokayo Misri imechunguzwa nchini Australia, na mwaka 2013 ilielezwa kwamba adrenali zake hutengeneza kortisoli na pia DHEA. Hubeba mimba kwa takriban siku 39, karibu mara mbili ya panya wa kawaida, na watoto wake huzaliwa wakiwa wamekomaa. Hivyo anafaa kuchunguza jinsi homoni za mama na za mtoto zinavyofanya kazi mwishoni mwa ujauzito.

Hata hivyo, naye bado ni panya. Anasaidia kuuliza swali sahihi, lakini jibu la mwisho hutoka kwa wagonjwa waliokubali kushiriki majaribio. Dawa mpya ya CAH, crinecerfont, iliidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa walio na miaka minne na zaidi, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wenyewe. Hata hiyo hutumika pamoja na vidonge vya kila siku. Haivichukulii nafasi.

Wewe ufanye nini?

Usiache wala kupunguza dawa kwa sababu ya habari uliyoisoma. Hii inamhusu pia anayetumia prednisolone kwa wiki kadhaa kwa ajili ya pumu, figo au ugonjwa mwingine: tezi zake huwa zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kumuangusha.

Mtoto anayetumia hydrocortisone akipata homa, dozi huongezwa kwa mpango uliopewa na daktari. Kama huna mpango huo kwa maandishi, uombe kliniki ijayo. Akitapika dawa, akilegea au akizubaa, mpeleke hospitali mara moja na useme mapema kwamba anatumia homoni hizo. Fanya vivyo hivyo kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino.

Na ukiona habari ya panya aliyepona, ikate uende nayo kliniki. Muulize daktari mambo mawili: mnyama huyo hutengeneza kortisoli kama sisi? Na dawa imeshajaribiwa kwa watu? Kama jibu la pili ni hapana, mwanao aendelee na vidonge vyake kwa saa ile ile.